Tulipolala Pande Mbili za Bwawa

Tulimzika Mama Nduta huko Gatuanyaga mwezi wa nane, siku ya upepo mkali, turubai zikipigapiga hadi mhubiri ikambidi arudie kila mstari. Nilikuwa nimeketishwa pamoja na wageni wa mbali ingawa sitoki mbali. Ninaishi Ngoingwa, na hata kwa pikipiki mbovu ni safari ya kuvumilika. Katikati ya maombi nikamwona mwanamke wa buibui jeusi akipita baina ya kina mama wenye vitambaa vya kanisa, akitafuta pa kuketi, na kabla hajageuza uso nilikuwa nishamjua kwa mwendo wake, bega moja mbele kama mtu anayesukuma mlango mgumu. Halima. Tuliishi chumba kimoja tulipokuwa wanafunzi, tukala sufuria moja, kisha maisha yakatutenga pole pole, mimi Ngoingwa pembezoni, yeye katikati ya Thika, watu wa mji mmoja wasioonana. Aliketi kando yangu, akanishika mkono mpaka kaburi lilipofunikwa.

Tulipokuwa kwenye foleni ya chakula ndipo aliponiangalia vizuri.

"Wambui, umenona."

"Nawe umezeeka."

Tukacheka kuliko inavyofaa matangani, hadi mama mmoja akageuka kututazama.

"Bado unauliza watu maswali?" akaniuliza.

"Ndiyo kazi yangu hadi leo. Barabara ikitaka kupita kwa watu, au bomba, mimi ndiye ninayetumwa kuketi nao kwanza."

"Mimi niliacha. Nina duka la vitambaa. Kitambaa hakina maoni."

Tangu siku hiyo sijatulia. Ninaanza kuosha vyombo ninaviacha kwenye povu, ninafungua dirisha ninalifunga. Mwaka ule umerudi kuketi nami, na nimeona afadhali niusimulie wote kuliko kuendelea kuuona vipande vipande nikiwa kwenye mkutano wa watu wengine.

Ulikuwa mwaka wetu wa tatu chuoni Ruiru. Tulikuwa tukisoma sera za mazingira, lakini tuliziingilia kwa mlango wa sayansi ya jamii: hatukupima maji wala udongo, tulisoma watu wanaogombania maji na udongo. Chumba chetu kilikuwa orofa ya tatu, ukuta mmoja wa rangi ya maziwa na mwingine ambao mwenye nyumba alikuwa hajaufikia, na dirisha lake lilitazama shamba la kahawa lililokuwa liking'olewa kuwa ploti. Kila wiki mistari ya mibuni ilipungua na vigingi vikaongezeka. Tulikuwa tukitoka darasani kujadili matumizi ya ardhi, tunapanda ngazi, tunafungua dirisha, na ardhi yenyewe iko pale ikitumiwa bila kungoja hitimisho letu. Halima alipika kwa stovu ya mafuta ya taa mlangoni, wali wa bizari nyembamba uliowafanya majirani wapite polepole, nami zamu yangu ilikuwa githeri ya mahindi na maharagwe, pamoja na kabeji, ambayo yeye aliiita chakula cha adhabu. Siku moja nikiwa naanua nguo nilisikia mke wa mwenye nyumba akimuuliza keyateka, mtunza jengo, kule chini, "Hawa wasichana wa juu wanasomea nini?" Keyateka akajibu, "Mambo ya miti." Mama akasema, "Na mti si ni kuchimba shimo tu?" Nilimsimulia Halima akacheka mpaka akaketi sakafuni. Mimi sikucheka sana. Swali lile lilinifuata.

Kwa sababu ukweli ni kwamba sikutaka kuwa pale. Nilitaka kuwa Juja, kwenye chuo kile kikubwa cha kilimo na teknolojia, nikiwa na koti jeupe na chupa za maji mezani. Alama zangu ndizo zilizonileta Ruiru, si moyo wangu. Ijumaa mchana, wenzangu wakienda kulala au kusuka nywele, mimi nilikuwa nikienda Juja na kuzungukazunguka tu, napita kwenye vitalu vya miche, nachungulia madirisha ya maabara, nakunywa soda peke yangu kwenye vibanda vya wanafunzi, narudi Ruiru nikiwa na hasira isiyo na mwenyewe. Nilikuwa nimeomba kuhamishwa. Jibu halikuja, na kungoja kulinifanya niwe mtu wa kusimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje. Leo vijana wanaokuja kufanya kazi nami nawatambua mapema wale wenye mguu huo wa nje. Siwakemei. Nawapa kazi ya kutembea.

Mwalimu wetu alikuwa Daktari Musyoka, mtu mrefu wa tai iliyolegea, aliyekula njugu karanga akifundisha na kuacha maganda kwenye meza kama kuku amepita. Hakuwa mtu wa hotuba. Ukimletea ripoti ya mkutano wa kijiji alikuwa anaisukuma pembeni kwanza. "Kabla hujaniambia walichosema," angesema, "niambie waliketi wapi. Nani kivulini, nani juani, nani alisimama nje ya lango na mtoto mgongoni." Tuliona ni vituko vyake. Muhula wa pili alipata kibarua cha kusikiliza wakazi kabla ya mradi mmoja wa maji huko Gatuanyaga, na akaamua darasa letu likafanye kazi hiyo. Kulikuwa na bwawa la zamani, lililochimbwa kabla sisi hatujazaliwa, ambapo watu waliteka maji na mifugo ikanywa. Ofisi ya mradi ilitaka kulizungushia uzio wa waya, kupanda miti kandokando ili udongo usiporomoke, na baadaye kuleta kioski cha maji barabarani. Tulitakiwa kuishi na watu majuma kadhaa, tuwasikilize, tuandike, halafu kuwe na baraza. Wanafunzi waligawanywa wawiliwawili. Mimi na Halima tukapewa bwawa lenyewe: yeye upande wa mashariki, mimi upande wa magharibi.

Gatuanyaga ilinishangaza kwa ukavu wake. Ukitoka Thika, yenye bustani na viwanda na mito inayonguruma chini ya madaraja, husadiki kwamba mwendo mfupi tu mbele vumbi linakungoja kama mwenyeji. Pikipiki ndizo zilikuwa zimeanza kuingia, na kila moja ilipopita nguo zilizoanikwa zilibadilika rangi. Mama Nduta alinipokea uwanjani kwake akijifuta mikono kwenye leso. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini hivi, sauti ya chini, mjane. Nyumba ilikuwa ya mabati, vyumba viwili. Akanipeleka cha ndani, akanionyesha kitanda kilichotandikwa shuka la maua, na juu yake, kwenye msumari, sare ya shule ya msingi iliyopigwa pasi.

"Utalala hapa, mami. Ni ya Nduta."

"Na yeye atalala wapi?" nikauliza, nikidhani mtoto yuko shule.

Akanyoosha shuka ambalo halikuwa na kunyanzi. "Yeye hayuko. Alienda na ile maji ya huko chini."

Ndivyo nilivyojua. Nduta alikuwa na miaka tisa alipozama bwawani, na nilifika wakati mwaka wa pili wa msiba ule ulikuwa haujaisha. Nililala kwenye kitanda kile majuma yote ya kazi yangu, miguu yangu ikivuka mwisho wa godoro. Mama Nduta hakuwa mtu wa kulialia. Aliamka mapema, akapika chai nzito yenye maziwa mengi kuliko nilivyozoea Ruiru, akanimegea kiazi kitamu, akaenda shambani kwake kwenye mbaazi. Hakuteka maji bwawani. Alimlipa mwenye punda amletee kutoka kisimani mbali, na maji hayo tukayatumia kwa kipimo, uso kwanza, kisha vyombo, kisha miguu. Alipotaka kulitaja bwawa alisema "huko chini" na kidevu chake kikaelekea upande mwingine. Nilimuuliza maswali yangu yote ya utafiti naye akayajibu kwa adabu, na kwenye swali la uzio alisema neno moja: "Waweke." Nililiandika na kulipigia mstari. Kwangu mimi mjadala ulikuwa umekwisha. Ungewezaje kulala chini ya sare ile na ukaendelea kuuliza kama uzio unafaa?

Upande wa pili Halima alikuwa kwa Mzee Kilonzo, Mkamba aliyekuwa na ng'ombe wachache na mbuzi wengi, mdomo mkali na kofia ya kitambaa asiyoivua hata kwa chifu. Tulikutana mchana chini ya ukingo wa bwawa tukabadilishana habari na chakula. Mimi nilileta mukimo wa viazi vya kupondwa, yeye muthokoi wa mahindi ya kukobolewa aliofungiwa na mke wa mwana wa mzee. Siku za kwanza tulicheka. Halima aliniigia jinsi mzee alivyomwuliza kama Waislamu hula mbuzi aliyechinjwa na mtu mwenye deni, na alivyokuwa akimjulisha kila ng'ombe kwa jina na tabia, kama mtu anayetambulisha wanawe wasioelewana. Kisha mvua ikakawia, nyasi zikaisha, na nikaanza kuona uso wa Halima ukibadilika. Alikuwa akienda na mifugo asubuhi. Aliona ng'ombe wa watu wa mbali wakifika bwawani wakiwa na mbavu za kuhesabika, na jinsi walivyosimama majini muda mrefu hata baada ya kunywa, kana kwamba walitaka na ngozi nazo zinywe. Hakukuwa na maji mengine ya mifugo karibu. Uzio ukiwekwa kabla ya kitu kingine, wale ng'ombe wangekwenda wapi? Aliuliza swali hilo siku moja, mbili, kisha likawa ndilo salamu yake.

Tulipingana vibaya tuliporudi Ruiru kuandika. Tulikuwa na meza moja ya mbao, tumeketi pande mbili, karatasi katikati, na maharagwe yakiungua kwenye stovu bila yeyote kuinuka.

"Andika wakazi wengi wanaunga mkono," nikasema.

"Wengi gani? Wa upande wako?"

"Halima, kuna mtoto amekufa."

"Najua kuna mtoto amekufa! Na mwaka huu ng'ombe wakifa, mtoto wa Kilonzo anayesoma sekondari atarudi nyumbani. Huyo hana kitanda chenye maua, kwa hivyo humwoni?"

"Usimtaje mtoto yule hivyo."

"Aki Wambui, wewe hufanyi utafiti tena. Wewe umeolewa na huzuni ya watu. Kila siku umelala kwa kitanda cha marehemu, utaonaje ng'ombe?"

Nilimwambia kwamba yeye alikuwa amenunuliwa kwa muthokoi. Ni neno la kipuuzi, lakini lilimchoma kwa sababu alimpenda yule mzee. Aliinuka, akazima stovu, akafungasha nguo zake kwenye begi bila haraka, na akarudi kwao Majengo, Thika. Chumba kilibaki na harufu ya maharagwe yaliyoungua. Nilifungua dirisha. Trekta lilikuwa limefika kwenye mistari ya mwisho ya mibuni, na mizizi iliyong'olewa ilikuwa imelala kichwa chini.

Juma hilohilo jibu la Juja likaja. Niliitwa kuonana na mkuu wa idara, mama mpole mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, akanitembeza ndani ya maabara ile niliyokuwa nikiichungulia tangu mwaka wa kwanza. Kulikuwa na vitu vya kioo kila mahali, na maji ndani yake yalikuwa yametulia. Akaniambia nafasi ipo, lakini ningeanza upya mwaka wa kwanza, na nilipaswa kujiandikisha Ijumaa ya wiki iliyofuata. Nilishukuru mara nyingi sana. Nakumbuka nikigusa ukingo wa meza ile baridi na kufikiri kwamba hapa hakuna atakayeniuliza niko upande wa nani. Maji ya kwenye kioo hayana jirani. Nilitoka nikitembea haraka kama mtu aliyeiba, na ajabu ni kwamba ile shauku niliyoingoja miaka yote ilidumu mpaka getini tu. Barabarani nilishaanza kujiuliza mvua imenyesha Gatuanyaga au bado.

Baraza lilipangwa siku ya Alhamisi, kesho yake ndiyo Ijumaa ya Juja. Nilikwenda Gatuanyaga Jumatano, nikijiambia naenda kumuaga Mama Nduta na kuchukua vitu vyangu. Nilimkuta akichambua mbaazi. Nikamweleza kwamba ninahama chuo.

"Haiya. Huko unaenda kusomea nini?"

"Maji, mama."

Akachambua kidogo. "Ni vizuri. Maji ni kitu." Kisha akaniambia nikapumzike, nimechoka usoni.

Nilikuwa chumba cha ndani nikikunja nguo zangu niliposikia sauti ya mwanamume uwanjani. Alibisha hodi kwa Kikamba, akajibiwa kwa Kikikuyu, kisha wote wakaingia kwenye Kiswahili, lugha waliyokutania. Ilikuwa sauti ya Mzee Kilonzo. Nilisikia kitu cha bati kikiwekwa mezani, na Mama Nduta akisema, "Leo ni kidogo," naye akijibu, "Wanakonda. Wakinywa vizuri watatoa." Nikasimama na blauzi mkononi. Yale maziwa. Chai yote niliyokunywa katika nyumba ile, tangu siku ya kwanza, ilikuwa imetoka kwa ng'ombe wake, na ng'ombe wake walikuwa wamekunywa bwawani.

Kisha mzee akauliza, "Kesho utasema nini?"

"Nitasema ukweli."

"Ukweli gani?"

"Kwamba sitaki kuona ile maji tena."

"Hata mimi sitaki," akasema. "Ni mimi niliingia kumtoa."

Nilisikia kiti kikisogezwa. Mama Nduta akasema kitu nisichokishika, na mzee akaendelea kwa sauti ambayo Halima hakuwahi kuniigia, sauti isiyo na makali yoyote. "Kila siku nikipeleka ng'ombe naangalia upande ule mwingine. Lakini ng'ombe hazijui, mama. Zinakunywa hapo hapo."

"Siwezi kukasirikia ng'ombe," Mama Nduta akasema.

Mimi na Halima tulikuwa tumekaa kila mmoja kwenye nyumba moja, tukasikiliza kwa bidii yote, tukaandika kila neno, na tukarudi chuoni na kambi mbili za vita. Wao walikuwa na jagi moja la maziwa. Nilitaka kutoka niwasalimie, nikaogopa kuwakatiza. Niliketi kwenye kitanda cha Nduta mpaka nikasikia mzee akiaga, ndipo nikatoka na kumsaidia mama kuwasha moto. Hakuniuliza kama nimesikia. Akamimina maziwa yale kwenye sufuria, yote.

Baraza lilifanyika uwanja wa shule. Halima alikuwa amefika kabla yangu, ameketi upande wa kina Kilonzo, na tuliangaliana kama watu waliowahi kufanya kazi pamoja. Daktari Musyoka alisimama nyuma kabisa na mfuko wake wa njugu, na kwa mara ya kwanza nilitazama walivyoketi watu bila kuambiwa. Wanaume wenye mifugo walikuwa kivulini kwa sababu walifika mapema. Kina mama walikuwa juani, wengine wamejifunika leso kichwani, na Mama Nduta alikuwa mwisho wa safu, karibu na lango, kama aliyekuja kupita tu. Ofisa wa mradi alikuwa kijana nadhifu, wala hakuwa mtu mbaya. Alibandika mchoro ubaoni, bwawa la buluu na miti ya kijani na uzio wa mstari mwekundu, akaueleza vizuri, kisha akasema, "Sasa tuokoe wakati. Wanaotaka fensi, mikono juu." Mikono ikainuka. "Wasiotaka." Mikono ikainuka. Mama Nduta hakuinua mara zote mbili.

Chifu ndiye aliyemwona. "Mama Nduta, wewe ndio tulijua utakuwa wa kwanza. Hujainua?"

Akasimama polepole. "Hiyo swali siyo yangu."

"Mama, ni ndiyo ama la," ofisa akasema kwa upole. "Ili tusonge."

Akafungua mdomo, akaufunga, akaanza kuketi. Tulikuwa tumeonywa kwamba mwanafunzi ni sikio tu, hana mdomo kwenye baraza. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka kalamu yangu ikianguka na mimi nikiwa nimesimama.

"Hajamaliza," nikasema. "Tafadhali. Alikuwa hajamaliza."

"Na wewe ni nani?" ofisa akauliza.

"Mwanafunzi."

Watu wakacheka, na chifu akaanza kuniashiria niketi. Ndipo Halima akasimama upande wa pili wa uwanja, bega mbele. "Hata mimi ni mwanafunzi. Na huyo mama hajamaliza." Mzee Kilonzo akasema bila kuinuka, kwa ile sauti yake ya kukatia kuni, "Mwache aseme. Sisi hatuna haraka. Ni nyinyi mko na gari inangoja."

Mama Nduta akashika nguzo ya lango. Alisema kwamba watu husema mtoto wake alikuwa akicheza kwenye maji. Hakuwa akicheza. "Nilimtuma. Mwenye punda hakuwa amekuja, na nilikuwa na nguo ya kufua, nikamwambia chukua kamtungi kale kadogo, uende haraka urudi." Akabadilisha mkono kwenye nguzo. "Kama kungekuwa na fensi, ningemwonyesha pale inapitika. Kwa sababu maji nilikuwa nataka. Sasa mkiweka waya kwanza na bomba baadaye, mimi na hawa wamama tutatuma watoto wetu wapi hapo katikati? Na ng'ombe za huyu mzee zitavunja pahali, na mtoto atapitia hapo hapo. Leteni maji kwanza. Leteni mahali ya ng'ombe kunywa. Halafu mfunge, mimi mwenyewe nitawasaidia kuvuta hiyo waya." Akaketi, akajifunika leso usoni. Mama aliyekuwa karibu naye akamvuta kifuani.

Ningependa kusema kwamba mchoro ulibadilishwa siku ile. Haikuwa hivyo. Ofisa aliandika, akashukuru, akaondoka. Uzio ulikuja kwanza hata hivyo, upande wenye kina, na ulikatwa, ukaunganishwa, ukakatwa tena. Birika la ng'ombe lilijengwa likavuja msimu mzima kabla halijaanza kushika maji. Bomba lilichelewa sana, lakini lilifika, na Mama Nduta aliteka maji kwenye kioski karibu na lango lake hadi uzee wake. Hakuna mtoto mwingine aliyezama. Ijumaa ile sikwenda Juja. Sikufanya uamuzi mkubwa. Nilikuwa na ripoti ya kumaliza, na siku ikapita. Daktari Musyoka aliisoma ripoti yetu akatupa alama ya wastani, akaandika pembeni kwamba ina watu wengi na mapendekezo machache. Halima alirudi chumbani, tukapika na kugombana na kupika tena mpaka mwisho wa mwaka, lakini kila mmoja alikuwa ameshageuka kidogo. Yeye alikuwa ameamua kwamba hatausimamia tena mkutano ambao jibu lake limeshabandikwa ubaoni. Mimi nilikuwa nimeamua kwamba mikutano ya namna hiyo ndiyo hasa inayohitaji mtu wa kusimama. Sijui hadi leo nani aliona vizuri. Kuna miaka nimemwonea wivu na vitambaa vyake.

Lakini nimeiruka jioni ya baraza. Watu walipokuwa wakitawanyika, Mama Nduta alitoka langoni na badala ya kushika njia ya kwake akashika ile inayoteremka. Mimi na Halima tukamfuata, mmoja kila upande, bado hatujasemezana. Mzee Kilonzo alikuwa ametangulia na ng'ombe wake, na wanawake wawili waliokuwa wakiteka maji walipomwona mama walisimama wima na mitungi yao. Mama Nduta alikwenda hadi ukingoni. Akamuuliza mzee ni wapi, kwa sauti ndogo, naye akainua fimbo akaelekeza, mahali pa kawaida kabisa, palipokuwa na majani mafupi na nyayo za mbuzi. Akapatazama. Ng'ombe mmoja akapuliza pua majini. Kisha Mama Nduta akavua viatu, akaomba mtungi kwa mmoja wa wanawake wale, akainama akateka mwenyewe, na alipoinuka maji yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye viwiko.

Alinipa mimi mtungi nibebe. Mtungi wa pili akamkabidhi Halima. "Twendeni mpike," akasema. "Mmesimama juani siku nzima."

Tulipika ugali na sukuma wiki kwenye jiko lake la mawe matatu, jua likiwa bado kwenye bati. Halima alikuwa akikatakata sukuma nyembamba kama nyuzi, jinsi alivyozoea, nami nikikoroga. Ni yeye aliyeanza.

"Ile ripoti tunaianza wapi?"

"Tuanze na mtoto ametumwa maji," nikasema.

"Na ng'ombe?"

"Ukurasa huohuo."

Akatikisa kichwa kukubali, akasukuma sukuma kwenye sufuria kwa kisu. Mama Nduta alikuwa ameketi mlangoni amenyoosha miguu, tukidhani hasikilizi.

"Msiandike mtoto," akasema. "Andikeni Nduta."